Nyumba Inayoandika Hata Kimya

Butembo, tarehe 14 juin 2025

Yaya Jephté,

Wavukire. Hapa kwetu bote tuko salama, mukubwa wangu. Mama anakusalimia, Papa anakusalimia, hata ile mbuzi ya jirani yenye ilikula daftari yako ya kemia inakusalimia.

Josaphat wa taxi-bus njo atakuletea hii barua. Mama alisema nikuandikie message ku simu ya mujomba Malachie, kule Beni. Mais mujomba anasomaka message zote kwa sauti, mbele ya bafundi wake. Nikawaza: bote ku atelier ya mbao basikie maneno yangu, ila wewe mwenye barua. Donc ni heri karatasi.

Habari ya hapa ni nyumba ya Tante Victoire. Imeisha. Chini ni maduka, katikati ni mabureau, juu ni salle kubwa ya mikutano. Na ndani yake Tante ameweka vitu vyenye alileta toka Guangzhou, Uchina: écran ya kuonyesha maandishi ku kila mulango, caméra ya kuona, micro ya kusikia, haut-parleur ya kutoa sauti, na ordinateur moja yenye inaongoza yote. Fundi wake, Onésime, mutu wa Bukavu, anaiita "ubongo". Anasema nyumba ina akili: inaona mutu anaingia, inasikia anatafuta nini, inamujibu, inamuonyesha njia na mshale ku écran.

Akili yenyewe ingali changa. Siku ya kwanza mutu mmoja aliingia, nyumba ikamuuliza jina. "Kakule," akajibu. Ikamuambia angojee. Zamu yake ilipofika ikaita ku haut-parleur zote: "Kakule, bureau ya kushoto!" Yaya, unajua Butembo. Bakakule bote balisimama. Wa dukani, wa ku ngazi, hata muuza mikate wa ku barabara aliingia kuuliza banamuitia nini. Onésime akashika kichwa: "Mais hapa batu bote bana jina moja?" Tante akacheka mpaka akakaa chini: "Haiko jina tu, baba, ni zamu ya kuzaliwa: Banande banaita mutoto kufuata amezaliwa wa ngapi. Kila nyumba ina Kakule wake!" Nikawaza: na wa kwetu yuko Beni.

Kuko jambo lingine lenye halichekeshi. Batu hapana sema na ile nyumba. Mama mmoja wa Vuhovi aliingia na kitunga ya maharagi, nyumba ikamurukia na français, inauliza anatafuta nini: "Bonjour, vous cherchez quoi?" Mama akaiangalia tu. Kisha akasema, "Huyu hajui kusalimia, siwezi kumujibu," akaenda zake. Tante hajalala vizuri tangu ile siku.

Yaya, rentrée ya masomo ni septembre. Préfet, mukubwa wa masomo yenu, aliambia Papa place yako ingaliko ku classe ya mwisho, mais kama hakuna jibu mbele ya mwisho wa août, ataipatia mwengine. Papa haulizi. Anaangalia tu viatu vyako vya masomo chini ya meza. Njo miye nauliza.

Jana Mama alinituma sukari. Nilisimama dukani, batu bakanipita, bakanipita tena, mpaka mwenye duka akafunga mulango nikiwa sijafungua mudomo. Zamani wewe njo ulikuwa unasema kwa ajili yangu. Unakumbuka ile Noël nilisahau mustari wote mbele ya kanisa? Ulikuja ukatia kidole ku mugongo wangu, ukasema polepole: "Mudogo, sema tu. Niko nyuma yako."

Sasa nyuma yangu kuko baridi.

Mudogo wako,
Keren


Beni, 22 juin 2025

Keren,

Nimepata barua. Nimeisoma nyuma ya mbao, peke yangu, kama mwizi wa sukari. Ulifanya vizuri kuacha simu.

Hapa niko. Joto iko. Mashine ya kuranda naisikia na miguu, inapanda mpaka ku magoti. Mujomba ananiandikia na chaki ku mbao: KATA HAPA. KULA. Juzi aliandika JEPHTÉ NI MUVIVU, kisha akasahau kufuta, ile mbao ikaenda. Kuko mutu hapa Beni analala ku kitanda yenye inanitukana.

Batu wengine, bakijua nilipoteza masikio, bananisemesha na mudomo wazi kabisa kama bako kwa daktari wa meno. Naona chakula balikula asubuhi. Maneno, hapana.

Donc usiniulize masomo. Nilijaribu mwezi mzima kisha ya ugonjwa, ulikuwako. Prof anageuka ku tableau ya chaki, anasema na ukuta. Batu banacheka, na miye nacheka nyuma yao, nachelewa kidogo, banaanza kunicheka miye. Kuimba nilishaacha. Kujifanya nimesikia, ile pia nimeacha. Mbao haidanganyi: ikikatwa vibaya naiona.

Na ile nyumba inayosema, mudogo, kwangu nyumba zote zimenyamaza. Hata yenye akili. Ambia Tante tu kama mutu anasalimiwa kwanza, kisha unangojea. Umungojee kabisa. Mama wa Vuhovi hawezi kujibu mutu hamujui hata babu yake.

Na sukari, mulipata wapi?

Yaya wako,
Kakule Jephté (huyu wa Beni)


Butembo, tarehe 6 juillet 2025

Yaya,

Sukari Mama alienda mwenyewe, na miye nyuma yake, akanigombeza njia yote kurudi.

Tante alifuata neno lako. Sasa nyumba inasema "Wavukire" ya Kinande, kisha inanyamaza, na ku écran kunakuja mukono unapunga taratibu mpaka mutu ajibu. Yule mama wa Vuhovi alirudi! Alijibu salamu, akauliza nyumba habari ya watoto. Nyumba ikasema haina. "Pole," akaiambia, kisha akaulizia bei ya mafuta.

Bamama wa kanisa nabo balikuja kuombea salle. Bakafunga macho, bakatulia kabisa, bakakaa hivyo muda murefu. Caméra ikaona hakuna kitu kinatikisika, ikafikiri salle ni tupu, ikazima taa zote. Vilio! Bengine bakakimbilia ngazi, bengine bakasema Roho ameshuka. Mama Katungu, yule munene wa mbele, akainua mukono akapaza sauti: "Bwana, kama ni wewe, washa!" Mukono ukatikisika, taa zikawaka. Sasa kanisani banamupisha kiti. Onésime anajua sababu, mais anaogopa kumueleza.

Tante amenipa kakazi kadogo pale. Haiko kitu. Nitakueleza siku ingine.

Yaya, nataka kukuuliza vitu, unijibu bila kucheka. Mutu akisema na wewe, unaangalia kwanza wapi, mudomo ao macho? Kama maneno yanaandikwa mbele yako, unapenda yaje moja moja ao sentensi nzima? Herufi za rangi gani hazichokeshi macho?

Nauliza tu.

Keren


Beni, 20 juillet 2025

Keren,

Joyeuse, binti wa mujomba, alirudi jana toka Butembo. Aliniandikia karatasi mbili nzima, alifurahi sana. Anasema ukuta wa Tante unasema na sauti yako. Kila mulango. Anasema batu banapanda ngazi bure ili bakusikie. Anasema, "Sauti ya mudogo wako ni tamu, sikujua." Na miye sikujua. Juu hakuniambia mutu.

"Kakazi kadogo." Keren, wewe hata sukari inakushinda, na leo unasema na muji mzima, na unanificha miye?

Nimewaza sana. Batu bote ba Butembo, na ba Beni bakienda kununua kitambaa, bataingia mule basikie mudogo wangu. Hata mbuzi ya jirani ikiingia itakusikia. Ni miye peke yangu nitapita mbele ya ule mulango kama mbele ya jiwe. Miye nilijua sauti yako wakati hakuna mutu mwengine aliijua. Umeipatia ukuta.

Na yale maswali yako. Uliniuliza kama daktari anauliza mugonjwa. Nyeupe ku nyeusi, kama unataka kujua. Kama tableau.

Ambia Papa aachie préfet ile place. Nitabaki na mujomba. Viatu apatie mutu mwenye kuvihitaji.

Jephté


Butembo, tarehe 27 juillet 2025

Yaya wangu,

Nilisoma barua yako ku ngazi ya nyuma ya nyumba ya Tante, hakuna caméra pale. Una haki ya kukasirika. Nilificha. Sasa nakuambia yote, na ukimaliza unaweza kukasirika tena.

Tante alikuwa anatafuta sauti mupya ya nyumba. Alijaribu basichana ba chorale ya kanisa, mais balikuwa banasema kama bako banatangaza maziko ku radio. Siku moja nilikuwa najisomea bei ku vitambaa, polepole, nikifikiri niko peke yangu. Onésime akatoa kichwa nyuma ya mizigo: "Ni huyu." Nikakimbia mpaka nyumbani. Kweli. Na kitambaa mukononi.

Kesho yake nilirudisha kitambaa. Nikamukuta Onésime ku salle, anajaribu écran kubwa. Alikuwa anasema ku micro, na maneno yake yanaandikwa ku ukuta vile anayasema. Yaya, nilisimama pale nikasahau kusalimia. Sikuwaza nyumba. Niliwaza prof wako amegeuka, anasema na ukuta. Nikawaza: na kama ukuta unakuandikia?

Kisha Tante akashika micro, akasema vile tunasemaka siye: Kiswahili yetu, français katikati, Kinande ku mwisho. Mashine ikaandika vipande vipande visivyo na maana, kisha ikaacha kabisa. Ilisomeshwa Kiswahili ya mbali, ya kwetu haiijui. Onésime akasema inaweza kujifunza, mais inahitaji mutu aisemeshe vile tunasema hapa, siku nyingi, na kila sentensi iandikwe pembeni. "Nani atakuwa na huo uvumilivu?" akauliza.

Nikasema, "Miye." Kwa sauti. Tante aligeuka kuangalia kama ni nyumba imesema. Akanijibu: kama nitasema kwa ajili ya écran, nisalimie pia ku milango, sauti ni moja. Njo vile Joyeuse alinikuta ku kila ukuta.

Balinifungia ku depot, kati ya magodoro, ili kelele isiingie. Jogoo wa jirani aliingia hata hivyo, ako ndani ya sentensi nyingi. Mbele ya micro sikuweza. Donc nilileta koti yako ya kijani, ile uliacha nyuma ya mulango, nikaitundika ku musumari, nikasema na koti. Kila kitu nyumba inajua, Yaya, niliambia koti yako. Salamu, bei, njia ya choo, kurasa za kemia yako zenye mbuzi iliacha, na mambo mengine yenye Onésime alifuta kwa heshima.

Kisha akasema sauti moja haitoshi. Nikaenda sokoni na micro. Bamama bakanicheka: "Sema na nguvu, mutoto, tuko na kazi!" Mama wa samaki alikuwa katikati ya kutukana mubeba mizigo, hakuacha. Mashine sasa inajua matusi ya soko kuliko miye.

Sikukuambia juu niliogopa. Kama mashine inashindwa? Ulishapoteza masikio, ukapoteza chorale. Sikutaka upoteze tena kitu mbele ya kukipata. Nilifikiri ni kukulinda. Sasa naona nilikufungia inje ya mulango.

Préfet amekubali kuja siku ya ufunguzi, samedi 23 août. Akiona mashine inaandika vizuri vile tunasema, Tante ataweka écran na micro ku classe yako. Prof aseme na ukuta vile anapenda. Ukuta utasema na wewe. Njo kakazi kadogo.

Siku ile miye njo natakiwa kusema mbele ya bote, juu mashine inanijua kuliko bengine. Nikifikiri tu, naanza kutafuta ngazi ya nyuma.

Kitu kimoja tena. Nyuma ya salle, pembeni ya mulango, kuko écran ndogo ya kuandika na kidole. Niliiomba miye, kwa batu kama miye. Mutu anaogopa kusimama, anaandika neno lake pale, na nyumba inalisoma kwa sauti mbele ya bote. Inasoma na sauti yangu, haina ingine.

Sikuombi urudi. Sijaambia Papa neno lako la place. Nimeviacha viatu pale pale.

Keren


Butembo, tarehe 17 août 2025

Yaya,

Josaphat anasema barua alikupatia ku mukono, ukaitia ku mufuko bila kufungua, ukarudi kuranda. Kila akirudi namuangalia mikono. Sasa akiniona anageuza kofia ili asinijibu.

Samedi ni ile siku. Nimeambia Tante kama Bénite wa chorale aseme ku nafasi yangu. Bénite haogopi kitu, hata umeme. Mais tulijaribu jana, anasema haraka, mashine inamufuata kama mutoto anafuata moto-taxi. Tante alituangalia mpaka mwisho. Alinipatia kikwembe mupya tu, ya buluu, akaniambia nikapime ku fundi cherehani.

Yaya, kama Bénite anasema, préfet ataona mashine haifai. Kama miye nasema, ataona mutu amesimama hasemi. Sijui ni aibu gani ya kuchagua.

Nilitoa koti yako ku musumari, nikairudisha nyuma ya mulango wetu. Ilikuwa inaonekana kama imechoka kunisikiliza.

Hata ukichoma barua zangu, usichome hii mbele ya kusoma mwisho: haikuwa kwa ajili ya ukuta.

Keren


Butembo, tarehe 24 août 2025

Yaya Jephté,

Leo ni dimanche, bote balienda ibada ya pili, miye nilibaki niandike.

Jana salle ilijaa. Préfet alikaa mbele na Papa, Papa alifunga ku shingo cravate ya arusi yake. Pasta aliomba, na wakati wa maombi bamama bote ba kanisa balikuwa banainua mukono kila mara, mumoja kisha mwengine, ili taa zisizime. Mashemeji ba Tante bakafikiri ni desturi mupya ya kanisa, nabo bakainua.

Kisha Tante akaita jina langu. Nikaangalia Bénite. Bénite akanisukuma na kiwiko: "Zile sentensi ni zako, miye sitaki kuziharibu. Enda, kikwembe inakupendeza."

Nilifika ku micro. Nikasema, "Wavukire." Nyuma yangu ikaandikwa, kubwa, nyeupe ku nyeusi: Wavukire. Batu bakajibu. Kisha maneno yakaisha.

Yaya, yaliisha yote, kama maji ku kikombe imepasuka. Niliangalia batu, batu bakaniangalia. Mutoto mmoja akasoma kwa sauti ku écran, nikageuka. Ilikuwa imeandika:

(kimya)

Onésime njo aliitengeneza hivyo, ili mwenye hasikii ajue kama hakuna mutu anasema, asifikiri mashine imekufa. Ikaandika tena chini yake: (kimya). Na tena. Woga wangu ulikuwa unaandikwa ku ukuta, na mutoto anausoma. Préfet akaangalia saa. Papa akaangalia viatu vyake.

Nilishaanza kushuka. Kweli, mguu mmoja ulishakuwa chini.

Njo pale nyumba ikasema. Toka ku haut-parleur zote, na sauti yangu, mais sikuwa nimefungua mudomo:

"Mudogo, sema tu. Niko nyuma yako."

Batu bakapiga mikono, balifikiri ni sehemu ya programme. Miye sikuangalia nyuma ya salle. Niliogopa nikiangalia nikute hakuna mutu. Nilisikia mugongo wangu umepata joto, pale pale ulitia kidole ile Noël. Nikapandisha mguu. Nikasema.

Sikusema yale niliandika. Nilisema niko na yaya. Nilisema alikuwa anaimba sauti ya tatu ku chorale, na alikuwa anasema kwa ajili yangu kwa bauza sukari. Nilisema alipopoteza masikio, tuliendelea kusema kama kawaida, na hakuna mutu aligeuza uso ili amuone. Hata miye. Nilisema tunafikiri kusikia ni kazi ya mwenye kusikia peke yake, kumbe hata mwenye kusema ana kazi. Écran iliandika yote. Iliandika hata jogoo, juu aliwika pale katikati: (jogoo).

Préfet akasimama mwenyewe, akachukua micro, akageuka kabisa ku ukuta kama prof wa kemia, akasema mbiombio, Kiswahili na français pamoja, acide hii, base ile. Écran ikamufuata mpaka mwisho. Ilikosa neno moja, na ni yeye alilitamka vibaya. Akaambia Papa: "Place iko. Sasa ni mutoto mwenyewe ajibu."

Njo nikainua macho mpaka nyuma ya salle. Banc ya mwisho, karibu na écran ndogo, ilikuwa tupu, mulango uko wazi.

Walipoenda bote, Onésime alikuja na kitambaa apanguse ile écran ndogo. Nilimukataza. Ku kioo kulikuwa alama za kidole, na katika alama mulikuwa vumbi ya mbao.

Yaya, kama haikuwa wewe, usiniambie.

Keren


Beni, 28 août 2025

Mudogo,

Ilikuwa miye.

Barua yako ya koti niliifungua vendredi magharibi, siku moja mbele ya ufunguzi. Nilikuwa nimeibeba mwezi karibu wote ku mufuko ya kazi, imejaa vumbi, niliogopa ndani kuko huruma. Nilikuta koti. Nilicheka mpaka mujomba akaandika ku mbao: UNA HOMA? Nikamupatia asome. Hakusoma kwa sauti. Alikaa, akapangusa macho na mukono yenye gundi, tukahangaika kufungua ile jicho. Kesho yake asubuhi Josaphat akanichukua. Nilimukataza kukuambia; kama aligeuza tena kofia, njo sababu, hajui kudanganya.

Kwanza nilisimama ku mulango. Écran ikaandika Wavukire, mukono ikanipungia. Niliingojesha makusudi, nione kama itachoka. Ilingoja. Nikainua mukono wangu. Kuliko batu wengi wenye masikio, Keren, ile mulango iliningoja.

Nilikaa nyuma kabisa. Pale kuko sanduku ya haut-parleur, nikaitia mukono. (Ambia Tante: ile sanduku iliungwa vibaya ku kona. Nitairudilia.) Uliposema Wavukire, ilitikisika ku vidole vyangu. Kuko kakitu kadogo kanatetemeka mbele ya neno lako la kwanza. Kalikuwaka pale tangu utoto. Kangaliko. Basi sikupita kama mbele ya jiwe.

Kisha mashine ikaandika kimya, na batu bote bakaona aibu. Miye sikuona aibu. Kile kimya nilikijua. Nilikuwa nakisoma kabla Guangzhou haijatengeneza kitu. Najua kama ukipewa dakika na mutu nyuma, kinaisha. Donc nikaandika. Na ile sanduku ikatikisika, nikajua nyumba imechukua neno langu na kulisema na mudomo wako. Zamani miye nilikuwa nasema kwa ajili yako na sauti yangu. Sina tena ya kuimba, nikaazima yako. Haikatazwi, nafikiri.

Nilisoma yote ulisema. Nyeupe ku nyeusi. Pale pa "hata miye" nilitaka kusimama nikubishie, juu wewe uligeuzaka uso siku zote. Uligeuzaka sana hata mate yalinifikia.

Niliondoka juu nilikuwa nalia, na batu bakiona mutu hasikii analia, bataanza kumusemesha na mudomo wazi. Usikasirike. Na wewe ulinificha mwezi.

Mashine yako ina makosa. Jina la muji wa Lubero iliandika kama ni jina la dawa. Maneno ya mafundi haijui hata moja: randa haijui, patasi haijui. Ambia Onésime tutaisomesha, kati ya masomo.

Ambia Papa avitoe viatu chini ya meza, avitie juani.

Nafika na Josaphat lundi, tarehe ya kwanza septembre. Musikuje bote ku parking kunikumbatia mbele ya batu. Wewe kaa ku mulango wa Tante, pale penye micro. Nikitokea, sema kitu, kitu chochote, hata bei ya sukari.

Nitakuwa mbele yako hii mara. Nataka kuona mudomo.

Yaya wako,
Kakule Jephté